Mgeni Akibisha, Aende Nyumba Gani

Nilimwonea wivu mke mwenzangu kwa sababu ya kompyuta. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani ni kwa sababu ya mzee wetu. Mzee nilishamzoea. Siku za kunywa chai kwa mwenzangu alienda, siku za kwangu alikuja, na kusema kweli siku za kule nilipumzika. Lakini ile kompyuta iliniuma hata nikakosa hamu ya kula, mimi ambaye msiba wenyewe haunizuii kumaliza sahani.

Boma letu liko Muhuru Bay, juu kidogo ya bichi, mahali ambapo harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, inaingia mpaka ndani ya vitabu. Mimi nilitoka Rangwe, kwa hivyo tangu niolewe naitwa Nyar Rangwe, binti wa Rangwe. Yeye alitoka Kisegi, akaitwa Nyar Kisegi. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Nyumba yangu inatazamana na lango la boma uso kwa uso, ili mgeni yeyote akiingia nimwone na yeye anione. Nyumba yake iko mkono wangu wa kulia, imekaa kando, inavyotakiwa nyumba ya mke wa pili. Wakati wa kupanda, mbegu ya kwanza huingia shambani kwangu, na wengine wote hungoja hata kama mvua imeshanyesha na wanang'ata kucha. Kuvuna ni hivyo hivyo. Hakuna mahali mambo haya yameandikwa, lakini ukiyavunja, mtoto akikohoa tu watu wote wanakugeukia wewe.

Nyar Kisegi alikuja nikiwa bado nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Alikuwa na kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi michache aliyosomea Homa Bay mjini. Mimi nina diploma. Naitaja ili mjue kidonda kilikuwa na ukubwa gani.

Nilimpokea vizuri, hilo nisidanganye. Kuanika omena alifundishwa na mimi. Nilimwambia usizimwage fungu, zitandaze kama unatandika kitanda cha mgeni. Zigeuze kabla jua halijakuwa kali. Ukitaka kujua kama zimekauka, chukua moja uivunje: ikilia ka! imekauka, ikijikunja irudishe kwenye chanja. Aliyashika haraka, tena hakuwa mtu wa kujibu jibu. Aliniita Mama ingawa umri wetu haujapishana sana, na mimi nikaona huyu tutakaa naye.

Basi siku moja akarudi kutoka Migori mjini na kompyuta kuukuu, lile boksi lenyewe bila skrini, lililokuwa limetupwa na ofisi fulani. Akalifuta vumbi, akaliweka kwenye rafu ya sebuleni kwake kando ya chupa ya chai. Skrini yake ikawa televisheni ndogo aliyokuwa nayo. Nikadhani ni kitu cha kupigia nyimbo za kanisa.

"Ni ya websaiti, Mama," akaniambia. "Ya sisi wamama wa omena. Mnunuzi akiwa huko aliko, anaona tuko na gunia ngapi, zimekauka namna gani, na picha za siku hiyo."

"Tovuti si huwa zinakaa Nairobi? Ama ng'ambo?"

"Wengi wanakodi nafasi huko. Lakini kukodi kunataka kadi ya benki, na mimi sina. Halafu hii naweza kuigusa. Ikiwa mgonjwa naiona."

"Sasa hiyo tovuti yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hii."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tovuti gani inakaa kando ya chupa ya chai? Nikaenda kumwambia mzee kwamba mke wake mdogo amenunua sanduku la kelele. Mzee akasema sawa tu. Mzee wetu husema sawa tu hata ukimwambia ng'ombe amezaa mbuzi.

Aliwaomba watu wa intaneti wampe namba isiyobadilika, ya kumwonyesha mgeni njia ya kuifikia mashine, akapiga simu nyingi, akasubiri, akapiga tena. Alitafuta betri kubwa ili stima ikipotea mashine isizimike, kwa maana stima ya kwetu inakuja na kuondoka kama jamaa asiye na kazi. Na siku moja binti yangu, aliyekuwa amefunga chuo, akaweka waifai ya boma kwenye simu yangu, akanifungulia ukurasa. "Mama, ona kitu Mama Mdogo ametengeneza!"

Nikasema, "Ondoa upuzi huo." Alipotoka nikaufungua tena.

Kuanzia hapo kila asubuhi, maji ya chai yakianza kuimba, nilisimama kwenye dirisha la jikoni, mahali waifai inapofika vizuri, nikausoma. Sikumwambia mtu. Sikusoma kama rafiki, mnielewe. Nilisoma jinsi mtu anavyosoma barua ya mwenzake, nikitafuta kosa, na Kiswahili chake kilinipa makosa ya kunitosha. Lakini kila baada ya siku chache palikuwa na habari mpya, fupi fupi: mama fulani amebuni njia ya kutoa mchanga, upepo umeleta wingu la wadudu wa ziwani wakatua juu ya samaki, kunguru wameanza kuelewa ratiba yetu. Nilijikuta nacheka peke yangu na mwiko mkononi, kisha nakasirika kwa sababu nimecheka.

Asubuhi moja nikakuta ukurasa mpya unaitwa Kuanika. Zitandaze kama unatandika kitanda cha mgeni. Ikilia ka! imekauka. Jowa, jamani! Maneno yangu! Maneno niliyoyatoa kwa kinywa changu, jua likinichoma utosi, sasa yamelala pale dunia nzima inayaona, na jina langu halipo hata kwa herufi ndogo. Chai ilimwagikia jiko. Siku hiyo niliufungua ukurasa ule nisijue mara ngapi, nikitumaini kila mara kwamba labda sikuona vizuri.

Watu wakaanza kuja. Wanunuzi, akina mama wa bichi nyingine waliotaka kujiunga, afisa wa uvuvi na daftari lake. Waliingia langoni, wakaniona nimekaa mlangoni pangu na kitambaa changu cha kufuma, wakanipungia mkono, wakakata kona kwenda mkono wangu wa kulia, kwake. Wakanipungia mkono! Kama mlinzi. Kanisani mama mmoja alisimama kushukuru, akasema Nyar Kisegi ametuinua. Nilipiga makofi na wengine. Mikono ilipiga makofi, roho ilikuwa inapiga mateke.

Kilichonimaliza ni siku alipokuwa akiwaeleza wageni wake jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Walikaa nje kwake, na mimi nilikuwa naanua nguo polepole sana. Akawaonyesha ruta, kile kidude chenye taa, kilichofungwa kwenye ukuta wake. "Hii ni kama lango," akasema. "Mgeni anatoka mbali, anabisha hapa. Ruta imeambiwa: mgeni akibisha, usimwulize mengi, mlete moja kwa moja kwa nyumba yangu."

Kwa nyumba yako? Ati moja kwa moja?

Niliacha nguo kwenye kamba. Nilimfuata mzee mpaka kule kwa ng'ombe, nikamwambia kuna jambo ndani ya boma hili linalofanywa kinyume, na likileta balaa nisiulizwe. Wageni wa boma wanapelekwa nyumba ya pili bila kupita nyumba ya kwanza. Tangu lini? Mbegu inaanzia kwangu, mavuno yanaanzia kwangu, hili jipya limeanzia wapi? Kama ni kitu cha boma, kikae nyumba inayotazama lango. Nilisema kwa sauti iliyofanya hata ng'ombe waache kutafuna.

Mzee akasema sawa tu.

Nilitarajia Nyar Kisegi akatae. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, tena mazuri. Lakini aliniangalia kidogo, akasema, "Hakuna shida, Mama," akaibeba mashine kifuani kama mtoto mgonjwa, akaivusha uwanja mpaka sebuleni kwangu, chini ya picha yangu ya harusi. Ruta na betri zilibaki kwake, maana intaneti imeingilia ukuta wake. Akavuta waya wa buluu wa ruta na ekstensheni ya betri juu ya kamba ya nguo mpaka dirishani kwangu. Kumbe mgeni alikuwa bado anabisha kwake kwanza ndipo aletwe kwangu. Hilo nililijua baadaye, na ni afadhali, kwa sababu ningelijua siku hiyo ningebomoa ukuta.

Sasa nilikuwa nayo. Nikaifunika kitambaa changu kizuri cha waridi. Akaja, hodi hodi, akasema inapata joto, itoe pumzi. Nikakitoa. Kesho yake nikaifunika tena. Ilivuma mchana kutwa, mmmmm, kama mtu anayekusengenya chumba cha pili. Nilipenda tu kwamba kila alipotaka kuishika ilibidi aombe ruhusa mlangoni pangu.

Na wageni walikuja kwangu, ndiyo. Waliingia langoni, wakaja mbele moja kwa moja, wakavua viatu, wakaketi kwenye viti vyangu. Nikawaandalia chai. Wakanywa, wakaangalia mashine, wakaniangalia mimi, kisha wakauliza kwa heshima zote, "Na mama mwenyewe wa websaiti tutampata wapi?"

Wueh. Hayo ni maumivu ambayo sikuyajua hata nilipoletewa mke mwenza.

Sasa nifike pabaya. Kikundi chetu cha wamama wa omena kilikuwa na mzigo mkubwa umekauka vizuri, na mvua zilikuwa zimekaribia. Mnunuzi mmoja kutoka Homa Bay mjini alikuwa amesema ataufungua ukurasa asubuhi fulani, aone picha za siku hiyo na hesabu ya magunia, ndipo aamue lori lake liende bichi gani. Nyar Kisegi alinieleza jioni yake, amesimama mlangoni. "Kesho tu, Mama. Tukimkosa huyu, mvua itatupata na mzigo nje. Mashine isiguswe."

Isiguswe! Ndani ya nyumba yangu.

Alfajiri aliweka picha zake, akashuka bichi na wenzake kufunga magunia. Mimi nilisimama dirishani nikazisoma kama kawaida. Picha zilikuwa nzuri. Omena ziling'aa kama fedha, na wamama wanacheka, na mimi simo. Nilikuwa na sketi ya kanisani ya kupiga pasi. Ekstensheni ilikuwa na nafasi mbili, moja ya mashine, nyingine ya redio. Ningeweza kung'oa redio. Naandika hivi nikijua vizuri sana kwamba ningeweza kung'oa redio.

Kelele ilikatika. Nyumba ikanyamaza, na mimi nikapiga pasi sketi ile upande mmoja, upande wa pili, nikageuza, nikaipiga tena. Kisha nikapiga pasi mashati ya mzee, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka mingi. Nilihisi vizuri. Nisiwafiche, nilihisi vizuri sana. Nilikuja kuirudisha jua likiwa utosini.

Lori halikuja. Walikaa na magunia kando ya barabara mpaka mchana, ndipo Nyar Kisegi akapiga simu. Mnunuzi akamwambia nimefungua mara tatu hakuna kitu, nikajua hamna mzigo, lori limeshapakia kwingine. Saa tisa mvua ikashuka. Walikuwa na turubai moja. Nilikuwa dirishani nikitazama maji yanavyoteremka kuelekea bichi, na gunia langu mwenyewe lilikuwa huko, mtaniambia nini. Omena zikilowa mara ya pili zinageuka rangi, zinanuka, na kazi yake inabaki kuwa chakula cha kuku.

Alikuja amelowa chepechepe, leso imemshika miguuni. Hakusema hodi.

"Mama, kulikuwa na nini?"

"Stima ilipotea," nikasema.

Alirudi kwake akaleta ile televisheni ndogo, akaiunganisha, akapiga magoti mbele ya mashine akiwa bado anadondosha maji kwenye zulia langu. Maandishi yakajaa kwenye skrini, mistari na mistari.

"Stima haikupotea," akasema. "Ruta iko kwa ile betri moja na hii, na ruta haikuzimika. Hii inaandika kila kitu. Imeandika ilizimika saa tatu asubuhi na ikaamka saa sita." Akageuza kichwa, akaona pasi mezani. Akaona sketi. Akaona mashati yote ya mzee yamekunjwa kama ya dukani. "Haiya," akasema polepole.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, tena ningefurahi, maana tusi ningelijibu.

"Wale wamama wanalia huko chini," akasema. "Utaenda kuwaambia wewe mwenyewe. Mimi siwezi kusema ni stima, na siwezi kusema ni wewe."

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akarudisha mistari nyuma, nyuma, nyuma sana, mpaka siku za mwanzo. "Ebu kuja uone hii. Kila mstari ni mtu amefungua. Namba hizi za mbali zimeanza juzi juzi tu. Lakini kila mtu wa hapa ndani ya boma, ruta imempa namba ya hapa hapa. Hii moja ni simu gani?"

Nikainama nikaisoma namba ile.

"Ni yako, Mama. Nilitafuta kwa ruta nikaiona. Wiki za kwanza hakukuwa na mtu mwingine. Hakuna. Nilikuwa nimeshaamua kuizima, niuze hilo boksi kwa mtu wa vyuma. Halafu kila siku nikiangalia, asubuhi asubuhi, kuna mmoja amesoma. Kurasa zote. Nikasema, huyu hapendi, lakini anasoma. Basi nikawa natafuta kitu cha kuandika, ili kesho usikose."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, akalazimika kupaza sauti.

"Nilikuwa naandikia wewe! Sasa umezima. Nitaandikia nani?"

Nikatafuta neno, mimi mwalimu wa lugha, na nililolipata lilikuwa la kitoto. "Na kuanika? Kwa nini hukuandika ni mimi niliyekufundisha?"

"Nilikuwa nangoja uniambie umesoma," akasema.

Akachomoa televisheni yake, akaondoka nayo mvuani ameifunika kwa leso.

Kesho yake nilishuka bichi. Nilisimama mbele ya chanja tupu nikasema, ni mimi niliyeng'oa, na sikung'oa kwa bahati mbaya. Hakuna aliyenifariji. Mama mmoja mzee alisema, "Mwalimu, hata wewe?" akaendelea kuosha sufuria. Uamuzi wao ulikuwa mwepesi kuusema. Msimu ule wote omena zangu zilianikwa za mwisho, baada ya kila mtu, hata baada ya msichana aliyekuwa amejiunga wiki hiyo. Mimi mikayi, nasimama na beseni kichwani, nangoja chanja zibaki wazi. Nilisimama. Shingo iliuma.

Mashine niliirudisha kwake mwenyewe. Niliibeba kifuani nikavuka uwanja mchana kweupe ili kila mtu aone, nikaiweka kando ya chupa ya chai. Kitambaa cha waridi nikampa, nikamwambia ni cha meza, si cha mashine. Kwa siku kadhaa hakuandika kitu. Nilifungua kila asubuhi nikakuta zile picha za siku ile ile, wamama wanacheka, nikafunga, nikafungua kesho yake. Alikuwa anaona kwamba nafungua, najua alikuwa anaona. Siku ya saba ukurasa wa Kuanika ulikuwa na mstari mpya juu kabisa: Haya nilifundishwa na Nyar Rangwe.

Siku hizi akishaandika habari, kabla hajaweka bei wala picha, anasimama mlangoni kwake na kupaza sauti, "Mama, umefungua?" Nafungua. Nikimaliza kusoma napaza sauti, "Haya!" ndipo anawawekea wengine bei na picha. Mzee anasema tumepatana. Mimi sijui kama huku ndiko kupatana, kwa sababu juzi nilimwomba anifundishe kusoma ile orodha mwenyewe. Nikavaa miwani. Nikakuta namba moja ya mbali, siyo ya Migori, siyo ya Homa Bay, imefungua kurasa zote alfajiri kabla yangu, moja baada ya nyingine, na kwenye Kuanika imekaa muda mrefu. Roho iliniuma vile vile, palepale pa zamani.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Sijui, Mama. Ni mgeni tu."

"Mwambie angoje."